Wimbo wa Mgeni Rasmi: Bach, Barghash na Kwaya ya Mwimbi

Wanachuo wenzangu, shughuli yoyote ikiwa na mgeni rasmi, lazima kuwe na wimbo. Wengi tunauona kama kijazio cha ratiba: kwaya inaimba, tunapiga makofi, tunangoja hotuba. Mimi nadhani wimbo huo unastahili kusomwa kama kazi nyingine yoyote ya sanaa. Tuuulize maswali matatu: umetungwa kwa ajili ya nani, unaomba nini, na ukishaimbwa unabaki kwa nani?

Leipzig, 1734
Kantata ni utungo wa sauti na ala wenye vipande kadhaa: kwaya, mwimbaji wa peke yake, na masimulizi yanayoimbwa. Zipo za kanisani na zipo za kumsifu mtawala. Oktoba 1734, Mfalme August III wa Poland, aliyekuwa pia mtawala wa Saxony, alifika Leipzig bila kutarajiwa. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaamua kumwimbia usiku wa tarehe 5, mwaka mmoja tangu achaguliwe kuwa mfalme. Johann Sebastian Bach akatunga kantata nzima kwa siku chache tu. Wanafunzi 600 walibeba mienge. Kesho yake mpiga tarumbeta hodari, Gottfried Reiche, akafariki kwa kiharusi. Ilisemwa kuwa alichoshwa na kupuliza usiku ule pamoja na moshi wa mienge. Sifa za mkubwa nazo zina gharama yake, jamani.

Na ombi? Mwaka 1733 Bach alikuwa amempelekea mtawala huyohuyo muziki wa misa pamoja na barua ya kuomba cheo cha mtunzi wa ikulu. Alikipata mwaka 1736. Kuhusu kantata yenyewe, Bach hakuiacha ife na sherehe. Muziki wa kwaya ya ufunguzi unasikika leo kwenye Hosana ya misa yake kubwa, na kipande kingine alikihamishia kwenye Oratorio ya Krismasi. Alibadilisha maneno, muziki ukabaki.

Unguja
Huku kwetu, Sultani Barghash alitawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Inasimuliwa kwamba alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ili apigiwe muziki ikulu. Taarabu ikaanza kama burudani ya jumba la mfalme, ikiimbwa kwa Kiarabu. Lakini haikukaa humo. Mwaka 1905 kikaanzishwa kikundi cha Ikhwani Safaa. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mtoto wa kijiji cha Fumba, alikwenda Bombay kurekodi taarabu kwa Kiswahili. Miongoni mwa nyimbo zake zimo zinazosema wazi jinsi mnyonge anavyokosa haki. Muziki wa mkubwa ukawa mdomo wa mdogo.

Mwimbi
Sasa njoo kwetu Mwimbi, wilaya ya Kalambo, mkoani Rukwa. Mgeni rasmi akija shuleni, kwaya inachukua tuni ya zamani na kubadilisha jina tu: mwaka huu diwani, mwakani mkuu wa wilaya. Watu hucheka kwamba ni uvivu. Lakini ndicho alichofanya Bach! Na baada ya wimbo inafuata risala: madawati hayatoshi, nyumba za walimu ni chache, maji yako mbali. Wimbo unafungua mlango, risala inaingia. Ukiitazama sifa bila ombi, umesoma nusu ya kazi.

Hofu yangu ni kwamba siku hizi tunabaki na sifa tu. Kwaya inajitahidi wiki nzima, risala inafupishwa ili isimuudhi mgeni, na hotuba inapewa saa zima. Hapo tumelipa gharama bila kuomba chochote. Ushauri wangu kwa kwaya zetu: msiache kusifu, ila tungeni tuni nzuri itakayodumu hata jina likibadilika, na risala isomwe yote.

Maswali ya kujadili
1. Wimbo gani wa kumsifu kiongozi bado unaimbwa mtaani kwenu, na maneno yamebadilikaje?
2. Sifa inageuka lini kuwa kujipendekeza?
3. Kwaya ya chuo ikiombwa kumwimbia mgeni, nayo iombe nini?