Machozi ya shabiki wa anime si ya kuchekwa

WAZAZI wengi mijini siku hizi hukumbana na jambo linalowashangaza. Kijana mwenye afya njema anatoka chumbani macho yakiwa mekundu na chakula hataki. Akiulizwa ni nani amefariki, anataja jina la Kijapani. Aliyefariki ni mhusika katika anime, yaani filamu za vibonzo kutoka Japani ambazo vijana wetu hutazama sana kwa simu na kompyuta.

Baadhi ya wazazi hucheka. Wengine hukasirika na kumpokonya kijana simu. Wapo pia wanaoanza kuogopa kwamba mtoto amerukwa na akili.

Leo tutaeleza kwa nini mtu mwenye akili timamu anaweza kumpenda na kumlilia mtu asiyekuwepo, na ni wakati gani mapenzi hayo yanahitaji kuangaliwa na daktari.

Si jambo geni

Mnamo Machi 1970, mazishi yasiyo ya kawaida yalifanyika jijini Tokyo. Aliyeombolezwa alikuwa Toru Rikiishi, bondia katika hadithi ya katuni iitwayo Ashita no Joe. Katika hadithi hiyo, Rikiishi alijinyima chakula na maji ili apunguze uzani na kupigana na mpinzani wake Joe, kisha akafa baada ya pigano. Mwandishi wa tamthilia Shuji Terayama aliandaa ibada ya kumwaga, na watu wapatao 700 wakahudhuria.

Waombolezaji hao wote walijua kwamba Rikiishi alikuwa ni wino kwenye karatasi. Hata hivyo, huzuni yao ilikuwa ya kweli. Hatuwezi kusema kwamba watu 700 walipata wazimu siku moja.

Kwa nini hutokea

Mwaka wa 1956, wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, walieleza kwamba watu wanaofuata vipindi vya redio na televisheni hujenga uhusiano na wale wanaowasikia na kuwaona humo, kana kwamba wanafahamiana. Uhusiano huo ni wa upande mmoja: mtazamaji anamjua mwenzake, lakini mwenzake hamjui. Hata hivyo, hisia anazopata ni zile zile za urafiki wa kawaida.

Akili ya binadamu imeumbwa kuitikia sura, sauti na maumivu ya wengine, na huitikia haraka kabla hatujajikumbusha kwamba hiki ni kibonzo. Ndiyo sababu watoto waliosimuliwa hadithi na nyanya zao waliogopa zimwi, ilhali hakuna aliyewahi kukutana nalo.

Anime huchochea hisia hizi kwa njia mbili. Kwanza, mara nyingi mtazamaji husikia hata mawazo ambayo mhusika hawaambii wenzake. Ni rafiki wangapi tunaowajua kwa undani kiasi hicho? Pili, baadhi ya hadithi hizi huchukua miaka mingi. One Piece ilianza kuonyeshwa mwaka wa 1999 na kufikia mwaka wa 2021 ilikuwa imetimiza vipindi 1,000. Attack on Titan ilianza 2013 na kumalizika 2023. Kijana aliyeanza kuitazama akiwa na umri wa miaka 13 aliiaga akiwa mtu mzima wa miaka 23. Amebalehe, amefanya mitihani, na pengine amezika jamaa yake, wahusika hao wakiwa naye wakati wote.

Baba anayemcheka mwanawe ajiulize ni mara ngapi amekosa usingizi kwa sababu Arsenal imefungwa.

Dawa na sumu

Mapenzi haya yana manufaa. Kijana hujifunza kutaja hisia zake kupitia kwa mhusika, na mwenye haya hupata marafiki wanaopenda hadithi ile ile. Kulia baada ya kipindi cha mwisho, na kuwa mnyonge kwa siku chache, si ugonjwa.

Lakini wasiwasi upo. Mtaalamu Jonathan Cohen aliwauliza watazamaji nchini Israeli watajihisi vipi iwapo mhusika wanayempenda ataondolewa kwenye televisheni. Katika utafiti huo uliochapishwa mwaka wa 2004, waliotarajia kuumia zaidi ni wale ambao hata katika maisha ya kawaida huwa na hofu ya kuachwa na wapenzi wao. Kwa hivyo machozi mengi kupita kiasi yanaweza kuwa yanatoka katika kidonda kingine.

Tuchukue mfano wa msichana wa sekondari anayempenda mhusika aliyefiwa na kaka yake. Iwapo yeye mwenyewe alifiwa na kaka, na nyumbani jina la marehemu halitajwi, basi filamu hiyo ndiyo matanga yake. Ukimpokonya simu, umemfungia mlango wa pekee aliokuwa nao.

Dalili za hatari

Usipime idadi ya picha alizobandika ukutani. Angalia mapenzi hayo yamesukuma nini kando. Mpeleke kwa daktari ukiona haya:

* Huzuni imedumu wiki mbili au zaidi, au hafurahii tena chochote, hata anime yenyewe.

* Halali vya kutosha. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10 kila siku.

* Ameacha masomo, kazi, kuoga au marafiki aliokuwa nao.

* Anajinyima chakula ili awe mwembamba kama mhusika. Kiuno kilichochorwa kwa kalamu hakina matumbo ndani yake.

* Anazungumza juu ya kufa au kumfuata mhusika. Hapa usingoje hata siku moja. Usimwache peke yake, na umpeleke hospitalini mara moja.

Ufanye nini?

Mwulize akusimulie habari za mhusika huyo: ni nani, na anampendea nini? Kisha sikiliza bila kucheka. Mara nyingi kijana asiyeweza kusema "nina upweke" anaweza kueleza vizuri sana upweke wa mhusika wake. Tazameni kipindi kimoja pamoja ikiwezekana. Baada ya hapo ndipo mkubaliane saa ya kuzima simu usiku, naye atakusikiliza kwa kuwa wewe ulitangulia kumsikiliza.

Nawe kijana unayesoma haya, usione aibu kwa machozi yako. Lakini kumbuka kwamba mhusika unayempenda hawezi kukuuliza umeshindaje leo. Tafuta mtu mmoja aliye hai anayeweza kukuuliza hivyo, nawe umjibu ukweli.