Barabara Kuu ya Kaskazini: Kutoka Kapiri Mposhi hata Nakonde

Wasomaji wenzangu, mtu akipanda basi Kapiri Mposhi kwenda Nakonde, aghalabu husinzia, akaamka Mpika, akasinzia tena mpaka mpakani. Hivyo huipita barabara mashuhuri kuliko zote za Zambia asiione. Nataka leo tuipite tukiwa macho.

Katika ramani za serikali imeandikwa T2. Huanza Chirundu, kwenye mto Zambezi, ikapita Lusaka na Kabwe hata Kapiri Mposhi. Hapo njia hupanda: moja huendelea kwenye miji ya shaba, na hii yetu hugeuka upande wa kulia. Kutoka hapo mpaka Nakonde ni yapata kilometa 800. Hupita karibu na Mkushi, ikafika Serenje, kisha Mpika, halafu huziacha Chinsali na Isoka kando kidogo, na mwisho hutazamana na Tunduma ya Tanzania.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini ipite huko na si kwingine? Jibu limo katika somo letu la jiografia. Kwa sehemu kubwa barabara hii hufuata mgongo wa nchi. Mvua inayonyesha upande wake wa kushoto huteremkia Chambeshi na Luapula, ikaingia mto Congo na bahari ya Atlantiki. Ile ya upande wa kulia huteremkia Luangwa, ikaingia Zambezi na Bahari ya Hindi. Anayefuata mgongo hukutana na vijito, si mito mikubwa, wala hahitaji madaraja mengi ya gharama.

Kabla ya motokaa watu walipita nchi hii kwa miguu. Kaskazini ya Serenje, katika nchi ya Chitambo, ndipo alipofariki Dkt. Livingstone mwaka 1873. Susi na Chuma pamoja na wenzao wakaubeba mwili wake hata Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Katika Vita ya 1914–1918 mizigo ya jeshi ilikwenda kaskazini juu ya vichwa vya wapagazi maelfu kwa maelfu, walioitwa tengatenga, na wengi hawakurudi kwao. Anayeshika njia ya Kasama pale Mpika ataona kwenye mto Chambeshi ukumbusho wa mahali alipopashwa Jemadari von Lettow-Vorbeck habari kwamba vita imekwisha. Siku hiyo ilikuwa 14 Novemba 1918, siku tatu baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Wala jina la tengatenga hata mmoja hatukufundishwa.

Wakati wa Waingereza barabara ikapewa jina la Barabara Kuu ya Kaskazini, ikahesabiwa kuwa kipande cha ile njia ndefu iliyotazamiwa kutoka Cape mpaka Cairo. Jina lilikuwa kubwa kuliko barabara yenyewe. Ilikuwa ya udongo, kiangazi vumbi na masika matope. Shaba haikuihitaji, maana ilisafirishwa kwa gari moshi kwenda kusini, ikapita Rhodesia mpaka bandari ya Beira.

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita, tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith na Wazungu wenzake wa Rhodesia wakajitangazia uhuru wao wenyewe. Mwezi uliofuata mafuta yaliyokuwa yakija kwa njia ya kusini yakakatika. Nchi changa isiyo na bahari, ambayo zaidi ya sehemu tisa katika kumi za mauzo yake ya nje zilikuwa shaba, ikajikuta mlango wake umo mikononi mwa adui. Petroli ikagawiwa kwa kipimo. Ndege za Uingereza, Canada na Marekani zikaleta mapipa ya mafuta, lakini ndege nayo hunywa mafuta, na haiwezi kulisha nchi nzima.

Ndipo watu walipoikumbuka barabara ya udongo. Malori yakaanza kutoka Dar es Salaam yakiwa na mapipa, yakarudi na shaba. Tufanye hesabu kidogo. Pipa moja ni galoni 44, yaani lita 200. Lori lenye mapipa 50 limebeba lita 10,000, na safari mpaka Lusaka ni karibu kilometa 2,000, kupita milima ya Iringa na Mbeya. Lori lenyewe lazima linywe njiani, kwenda na kurudi! Mvua ikinyesha magurudumu yalizama na malori yakateleza. Kiangazi vumbi lilimficha dereva asimwone anayekuja mbele yake. Magari mengi yalipinduka, na watu wakafa. Madereva wakaiita kwa Kiingereza jina ambalo kwetu ni kama kusema Mbio za Jehanamu.

Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilometa 1,710 kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, lilifunguliwa mwaka 1968, likaipunguzia barabara mapipa. Lami nayo ikaendelea kutandikwa mpaka miaka ya kwanza ya 1970. Ilihitajiwa sana, kwa kuwa Januari 1973 mpaka wa Rhodesia ulifungwa, na Zambia haikuufungua tena hata Oktoba 1978. Reli ya TAZARA ilianza kujengwa 1970 kwa msaada wa China, ikakabidhiwa 1976. Reli hiyo huandamana na barabara mpaka Mpika, kisha huzunguka kwa Kasama, na barabara hukata moja kwa moja. Hukutana tena Nakonde.

Wengi walitazamia kwamba reli ikikamilika malori yatapungua. Hayakupungua. Leo yamebeba shaba ya Zambia na ya Congo, yamepangana foleni mpakani, na uzito wake huila lami haraka kuliko inavyozibwa.

Miongoni mwa wanafunzi wa zamani wanaosoma kurasa hizi bila shaka wako ambao baba zao, au wao wenyewe, walipanda malori ya mapipa katika miaka ile ya 1966 na 1967. Vitabu vimetupa idadi ya maili na ya tani. Tungependa kujua dereva alikula nini, alilala wapi, na alilipwa kiasi gani. Tafadhali mwandikieni mhariri.