Mahindi Yakishuka Bei, Nani Anafurahi? Mafunzo ya Mwandishi wa Mkoani

Kwa miaka mingi nimeyaandikia magazeti ya Dar es Salaam nikiwa Sumbawanga, kama mwandishi wa kujitegemea. Unalipwa kwa habari iliyotoka. Isiyotoka ni hasara yako. Kazi hii nimefundishwa zaidi na vitabu vya watu ambao wenye vyombo vya habari wengi wasingependa kuwaajiri: Issa Shivji, Abdulrahman Babu, Walter Rodney, na kutoka mbali zaidi Edward Herman, Noam Chomsky na Bertolt Brecht. Vingi niliviazima kwa mwalimu mmoja mstaafu wa Mazwi aliyesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, akarudi huku Ufipa na sanduku la vitabu ambalo mpaka leo anawafungulia vijana. Haya ndiyo niliyoyapata kwa kuvisoma huku nikizunguka vijijini.

1. Kila habari ina mahali iliposimama

Mavuno yanapoingia, kati ya Juni na Agosti, kuna habari ambayo magazeti huitoa karibu kila mwaka: bei ya mahindi imeshuka, wananchi wapata ahueni. Wananchi gani? Mkulima wa Laela, Mpui au Matai naye ni mwananchi, na kwake siku hiyo ni msiba. Amekopa mbolea, amelipa vibarua wa palizi, ada ya mtoto inamsubiri. Mnunuzi anafika na lori hadi shambani na kudai lumbesa: gunia linajazwa, linashindiliwa, kisha linaongezewa kichwa juu na kushonewa kamba, debe zima au zaidi, na bado linalipwa kama gunia moja. Ukisimama Kariakoo unaona unafuu. Ukisimama Laela unamwona mtu akiuza jasho lake kwa bei isiyorudisha hata mbolea.

Juni 2017 Rais Magufuli alipiga marufuku kupeleka nje mahindi ghafi. Hoja ya serikali, kwamba tulinde chakula cha taifa na tuuze unga ili viwanda vyetu vipate kazi, ilikuwa na uzito na ilistahili kujadiliwa kwa makini. Lakini mjadala ulihitaji pande mbili. Mkulima wa Ufipa yuko karibu na Zambia kuliko na Dar es Salaam. Soko lake la kawaida linapita Kasesya na Tunduma, au linashuka bandari ya Kasanga na kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Kongo. Mavuno yakawa mazuri, milango ikafungwa, bei ikaporomoka. Katika habari nyingi nilizosoma msimu ule, walionukuliwa ni viongozi na wachumi. Waliolima walionekana kwenye picha tu, wameinama.

Historia yenyewe inaeleza kwa nini nyanda hizi zimekuwa ghala. Katikati ya miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima, na NMC, shirika la umma la nafaka, ikanunua Ufipa kwa bei ileile ya mikoa iliyo karibu na miji mikubwa. Watu waliozoea ulezi wakapanua mahindi kwa sababu serikali ilibeba gharama ya umbali. Mageuzi ya uchumi yalipokuja, mzigo huo ukarudishwa mgongoni kwa mkulima. Habari ya bei isiyoanzia hapo imekwisha kuchagua upande, hata kama kila takwimu iliyomo ni sahihi.

2. Gari lililokubeba linaandika nusu ya habari

Mwaka 1988 Herman na Chomsky walichapisha kitabu kuhusu vyombo vya habari vya Marekani. Walisema habari hupita kwenye vichujio vitano kabla ya kumfikia msomaji: nani anamiliki chombo, nani analeta matangazo, mwandishi anategemea vyanzo gani, nani ana uwezo wa kumtia adabu akimkosea mkubwa, na hofu ya ukomunisti iliyotawala siku zile. Nilipofika kwenye kichujio cha tatu nilisimama, nikasoma tena. Kilikuwa kinaeleza ziara za wilayani kwetu.

Kutoka Sumbawanga mjini kwenda Muze au Ilemba unavuka milima ya Mbizi na kushuka ukingoni hadi Bonde la Rukwa. Usafiri wa abiria ni wa shida, na malipo ya habari moja hayatoshi nauli ya kwenda na kurudi. Sasa kiongozi wa wilaya ana ziara, kwenye msafara kuna nafasi, na afisa habari anakupigia simu. Mnafika kijijini. Meza ina kitambaa na chupa za maji, wageni wako chini ya turubai, wenyeji wameketi juani. Katika ziara moja mama mmoja alinyoosha mkono akauliza kwa nini bomba lililozinduliwa halijatoa maji tangu mvua ziishe. Akaambiwa swali lake limechukuliwa. Kisha mkuu akamgeukia mkandarasi, akampa siku saba.

Niliandika habari kwa kuanza na mama na bomba lake. Kwenye dawati la gazeti, ambalo silitaji, iligeuzwa. Ikatoka kwamba kiongozi ameagiza na kuonya. Mama hakuwemo. Hapakuwa na aliyevunja sheria wala aliyetishwa. Mhariri alifuata mazoea: mwenye cheo akisema, hiyo ni habari; raia akiuliza, huo ni usumbufu wa mkutano. Chukua gazeti lolote, soma vichwa vya kurasa za mikoani, uhesabu ni mara ngapi utakutana na aagiza, aonya, apiga marufuku, atoa siku saba. Kisha tafuta mahali ambapo mwanakijiji ameagiza.

Jioni, kabla ya kuagana, huja bahasha. Wenzangu wengi huipokea kwa jina la nauli, na siwatukani, kwa sababu nauli kweli hawana. Ninachokichukia ni mpango wenyewe: gazeti linapata habari ya mkoani bila kulipia safari, kiongozi anapata sifa kwa bei ya mafuta ya gari lake, na kijiji kilichokaa juani tangu asubuhi hakipati kitu. Tangu nilipokielewa kitabu kile, habari ya maji naifuata siku isiyo ya ziara, kwa bodaboda au lori la mizigo. Ni ghali. Lakini watu husema mengine kabisa pasipokuwa na turubai.

3. Mmiliki mwema naye ni mmiliki

Tarehe 5 Februari 1970, siku Azimio la Arusha lilipotimiza miaka mitatu, serikali ililitaifisha gazeti la The Standard, lililokuwa mali ya kampuni ya Lonrho ya Uingereza. Mwalimu Nyerere alimkabidhi Frene Ginwala, mwanamke wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni na ANC, na akatangaza kwamba gazeti litakuwa huru kuikosoa serikali. Sijui viongozi wengi waliowahi kuliandikia gazeti lao ruhusa ya namna hiyo. Mwaka 1971 Rais Nimeiri wa Sudan aliwanyonga wakomunisti baada ya jaribio la mapinduzi, gazeti likamlaani vikali, na Ginwala akaondolewa. Mwaka uliofuata The Standard liliunganishwa na The Nationalist, likazaliwa Daily News. Ginwala alikuja kuwa Spika wa kwanza wa Bunge la Afrika Kusini huru mwaka 1994.

Nampenda Mwalimu, na ndiyo maana kisa hiki kinaniuma. Mwaka 1958 yeye mwenyewe alishtakiwa na Waingereza kwa kuwakashifu maofisa wao katika Sauti ya TANU, akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Mwanasiasa Abdulrahman Babu alifungwa na Waingereza Zanzibar mwaka 1962 kwa uchochezi, na jamhuri yetu ikamweka kizuizini tangu 1972 hadi 1978. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 iliendeleza mamlaka ambayo mkoloni alikuwa ameyatumia dhidi ya waliopigania uhuru. Ilipofutwa na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, uwezo wa kulifungia gazeti haukwenda nayo. Mwanahalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima yalirudishiwa leseni Februari 2022 baada ya miaka ya kufungiwa.

Wapo wanaodhani dawa ni mfanyabiashara. Lakini mfanyabiashara anahitaji zabuni, vibali na matangazo ya serikali, na mhariri wake anajua hivyo bila kuambiwa. Swali ambalo Ginwala alituachia bado halijajibiwa: gazeti la nani linaweza kumkosoa mwenye kulilipia?

4. Fikra kali inataka lugha ya kinu

Cheche lilianza mwaka 1969 Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, likiwa jarida la vijana wa USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi, na wenzao wa Umoja wa Vijana wa TANU pale chuoni. Rodney aliandika humo. Mwaka 1970 lilitoa toleo maalumu la maandishi ya Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka yanayoendelea kimyakimya, na Novemba mwaka huohuo likapigwa marufuku pamoja na USARF. Hoja ya Shivji ilikuwa ya ujasiri: kutaifisha hakuondoi unyonyaji ikiwa mali ya umma inabaki mikononi mwa kundi dogo la maofisa wasiowajibika kwa wanaozalisha.

Lakini Cheche liliandikwa kwa Kiingereza. Mkulima aliyekuwa anazungumziwa asingeweza kulisoma hata kama lingefika Ufipa. Kwa hilo namtukuza zaidi Erica Fiah, mwenye duka kutoka Uganda aliyeanzisha Kwetu jijini Dar es Salaam mwaka 1937. Serikali ya kikoloni tayari ilikuwa na Mambo Leo, iliyotoka tangu 1923 ikiwaambia Waafrika mambo ambayo mkoloni alitaka wayajue. Fiah akaweka mezani gazeti la Kiswahili linalomilikiwa na Mwafrika, akaandika humo malalamiko ya Waafrika.

Siku moja tukiwa tunasubiri mashine ya kusaga pale Chanji niliwaeleza wenzangu hoja ya Shivji kwa maneno yetu ya kawaida. Mzee mmoja aliyekuwa kimya kwenye gunia lake aliniuliza, "Huyo profesa aliwahi kuuza mahindi kwa NMC?" Kisha akatusimulia habari za mizani, za stakabadhi zilizochelewa kulipwa hadi msimu mwingine, na za karani aliyejenga nyumba ya bati wakati waliolima wanalala kwenye nyasi. Foleni nzima ikaingia kwenye mjadala. Nadharia ya mwaka 1970 ilikuwa imechelewa kwa sababu ya lugha tu.

5. Mkoa unaweza kuhukumiwa na ukurasa wa maajabu

Hili linanigusa kuliko yote. Mara nyingi nimepeleka habari ya barabara, ya zahanati au ya mbolea, nikaulizwa kama sina "ya uchawi". Msomaji wa mbali ameshazoeshwa kuiona Sumbawanga kwa jicho hilo moja, basi habari inayolilisha jicho hilo inapita haraka, na nyingine inasubiri.

Mwaka 1980 tume ya UNESCO iliyoongozwa na Sean MacBride, ambamo mwandishi Gabriel García Márquez alikuwa mjumbe, ilitoa taarifa iliyoonyesha kwamba habari za dunia hutiririka kutoka nchi chache zenye nguvu. Nchi maskini zimekuwa zikilalamika kwamba huonekana kunapokuwa na njaa, vita au ajabu. Marekani ilijitoa UNESCO mwishoni mwa 1984, Uingereza mwaka uliofuata, na ugomvi kuhusu mtiririko huo wa habari ulikuwa sehemu ya sababu. Niliposoma hayo niliona kwamba Dar es Salaam inaitazama Sumbawanga jinsi London inavyoitazama Dar es Salaam.

Sikani kwamba tuhuma zipo. Mwanaanthropolojia Roy Willis aliandika kuhusu Kamcape, wimbi la kusaka wachawi lililopita Ufipa mwaka 1963 na 1964, na sheria ya uchawi tuliyorithi ni ya mwaka 1928. Bibi kizee anapotuhumiwa, mara nyingi ukichimba unakuta shamba linalogombewa, mtoto aliyekufa mbali na hospitali, ndugu aliyevuna vizuri kuliko wengine. Akiuawa, hayo ni mauaji, na yanastahili kuandikwa kama mauaji: nani alinufaika, polisi walifika lini, kesi imefika wapi. Ukurasa wa maajabu unamwacha muuaji nje ya habari na kuuacha mkoa mzima ndani yake. Madhara yake tunayaona: walimu na wauguzi wanaopangiwa huku hufika na hofu waliyoijaza nyumbani, na wengine huanza kuomba uhamisho kabla hawajafungua masanduku. Tanuri ndefu za udongo ambamo mababu wa Wafipa waliyeyusha chuma, baadhi bado zimesimama, ndefu kuliko mtu, hazimo katika picha waliyopewa.

6. Redio inayosema tu imefanya nusu ya kazi

Mwandishi wa Kijerumani Brecht alipendekeza mwaka 1932 kwamba redio ipokee kama inavyotangaza. Tanzania ilikaribia hilo mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza Redio Tanzania, wakajadili kwa kutumia vijitabu, kisha wakachimba vyoo. Ilikuwa kazi kubwa, na wazee wanaikumbuka kwa fahari. Kilichokosekana ni njia ya kikundi kuirudishia studio neno lake.

Siku hizi njia hiyo iko mfukoni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilileta leseni na ada kubwa kwa wenye blogu na televisheni za mtandaoni, lakini wakulima wa huku wana makundi yao ya WhatsApp, na asubuhi bei za Kasesya, Tunduma na Kasanga zinakuwa zimeshasomwa. Madalali nao wameingia, wakitangaza bei za chini kuliko zilizopo ili mtu auze kwa woga. Kundi moja ninalolifuata lilijadili hilo usiku kucha. Sasa bei isiyo na picha ya mizani, jina la soko na uzito wa kilo haihesabiwi, na anayetaja bei ya gunia anaulizwa kwanza kama ni lumbesa.