Somo: Kuhamisha Rekodi za Kikundi Bila Kupoteza Kitu

Tusome kwanza: Ezra 8:24-34



Ezra alipotaka kupeleka fedha na dhahabu Yerusalemu, alizipima mbele ya makuhani kabla ya safari. Walipofika walipumzika siku 3, na siku ya 4 vikapimwa tena na kuandikwa vyote. Hesabu hiyo iliwalinda wabebaji wenyewe, kwani hakuna ambaye angeweza kuwasingizia.

Siku hizi vikundi vingine vinaweka akiba na mikopo ndani ya kompyuta. Rekodi hizo zilizopangwa pamoja huitwa hifadhidata, na kompyuta inayozitunza na kuwahudumia watu wengi huitwa seva. Kompyuta ikizeeka, rekodi lazima zihame. Je, zikipotea njiani, mama aliyeweka akiba miaka 6 atadai kwa ushahidi gani? Na mweka hazina atajitetea vipi?

Hata wakubwa huhama kwa mpango. Aprili 2015 Safaricom ilihamisha M-Pesa kutoka seva za Ujerumani kuja Kenya. Wateja walijulishwa mapema, na huduma ikasimamishwa usiku.

Fuateni hatua hizi:

1. Chagueni siku, na wote wajulishwe. Siku hiyo msiingize kitu kwenye kompyuta. Anayelipa apewe risiti ya mkono, iingizwe baadaye. Nakala ikitolewa huku mtu anaandika, yaweza kutoka nusunusu.

2. Andikeni kwenye karatasi: idadi ya wanachama, jumla ya akiba, jumla ya mikopo, na namba ya risiti ya mwisho. Watu 3 watie sahihi.

3. Toeni nakala 2 kwa kutumia programu yenyewe ya rekodi. Moja ifungiwe mahali pengine, mbali na kompyuta.

4. Fungueni nakala kwenye kompyuta mpya. Kabla ya kuifungua hamwezi kujua kama ni nzima.

5. Linganisheni na ile karatasi. Kisha wanachama 5 waje na vitabu vyao vya akiba, wasomewe. Hesabu isipolingana hata kwa shilingi moja, simameni. Rudini kwa ile ya zamani mtafute kosa. Hamjapoteza kitu bado.

6. Ikilingana, andikeni kwenye mpya peke yake. Ya zamani ifungiwe mpaka mkutano wa mwezi unaofuata upite salama. Kabla ya kuiuza, fundi aifute kabisa, maana ina namba za simu na vitambulisho vya watu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka tuzitunze.

Nyinyi wa Likoni mnajua: mwenye mizigo huihesabu kabla ya kupanda feri, na akishuka ng'ambo huihesabu tena. Hata asiyejua kompyuta anaweza kushika ile karatasi na kuuliza, "Jumla ni ile ile?"

Maswali ya kujadili

- Rekodi zetu zikiharibika leo usiku, nakala iko wapi?
- Ni nani, mbali na mweka hazina, anayejua jumla ya akiba yetu?

Mungu awabariki.