Injini Kuukuu Ipimwe Kabla ya Kufunguliwa

Katika kaunti za Homa Bay na Migori, nchi iliyoitwa zamani Nyanza Kusini, pikapu ni mtumishi wa kila kazi. Alfajiri huchukua samaki na omena kutoka fuo za Mbita, Sori na Muhuru. Mchana hubeba viazi vitamu vya Kabondo. Na siku ya gulio hupeleka bidhaa za wachuuzi. Nyingi za gari hizi zimekwisha kuwa na umri mkubwa. Jamaa nzima yaweza kutegemea gari moja kwa chakula na karo ya shule. Kwa hiyo injini inapochoka, shauri linalokatwa siku hiyo laweza kuikoa nyumba au kuitia katika deni.

Kosa lililo kubwa ni kuifungua injini kwa sababu inatoa moshi tu. Moshi ni dalili, si ugonjwa wenyewe. Moshi wa buluu huonyesha kwamba oili inaungua. Lakini oili hiyo yaweza kuwa imepita kando ya ringi za pistoni, au imeteremka kutoka kwenye valvu. Moshi mweusi huonyesha kwamba mafuta yanayoingia ni mengi kuliko hewa. Moshi mweupe usiokoma katika injini ya petroli huonyesha mara nyingi kwamba maji yanaingia ndani ya silinda. Mtu anunuaye ringi mpya hali ugonjwa uko kwenye valvu ametupa fedha yake.

Fundi mwema huanza kwa kupima mgandamizo, yaani nguvu ambayo pistoni huikandamiza hewa ndani ya silinda. Katika injini ya petroli kazi huenda hivi. Injini huwashwa mpaka ipate moto, kisha huzimwa. Plagi zote huondolewa, na umeme wa plagi hukatwa ili cheche isije ikawasha petroli. Kipimo hutiwa katika tundu la silinda ya kwanza, mtu mmoja hukanyaga akselereta mpaka mwisho, na injini huzungushwa kwa stata. Hesabu huandikwa, na silinda nyingine hupimwa vivyo hivyo.

Silinda ikionekana dhaifu kuliko wenzake, oili kidogo hutiwa ndani yake na kupimwa tena. Hesabu ikipanda, ringi au silinda imelika. Isipopanda, yafaa kutazama valvu na gasketi. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa dhaifu pamoja, huenda gasketi imeungua kati yao. Injini ya dizeli ina kipimo chake chenye nguvu zaidi, wala isitiwe oili namna hii.

Ikiwa kufungua ni lazima, kupima kusiishie hapo. Silinda hulika zaidi karibu na juu, mahali ringi zinapogeukia, na mara nyingi huwa na umbo la yai badala ya duara. Kwa sababu hiyo hupimwa juu, katikati na chini, kwa marefu na kwa mapana ya injini. Jicho halitoshi, kwa maana tofauti inayoharibu injini ni sehemu ndogo tu ya milimita moja. Krenkishafti nayo hupimwa kabla ya kununua beringi.

Hapa mwenye gari ajue injini yake ni ya namna gani. Peugeot 404, iliyoshinda mashindano ya Safari katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na Peugeot 504, iliyoshinda mwaka 1975, zilipendwa sana Kenya. Injini zao za petroli zina silinda za kuvua, zilizozungukwa na maji. Zikilika, huvuliwa na kutiwa mpya pamoja na pistoni zake, bila kuchongwa. Lakini kichwa cha injini kikiisha kuondolewa, krenkishafti isizungushwe kabla silinda hizo hazijabanwa, zisije zikainuka na kuvujisha maji chini. Tena kila silinda mpya sharti itokeze kidogo juu ya bloku ili gasketi ibanwe sawasawa. Injini nyingi nyingine hazina silinda za kuvua. Hizo huchongwa kwa mashine, na kutiwa pistoni kubwa zaidi, kwa kawaida kwa nusu milimita. Pistoni zipatikane kwanza, ndipo silinda zichongwe kwa kipimo chake.

Tena, chanzo cha ugonjwa kitafutwe. Vumbi la barabara za murramu lina chembe ngumu kama mchanga, nazo husaga ringi na silinda. Chujio la hewa lililotoboka, au mpira uliopasuka kati ya chujio na injini, utaiua injini mpya kama ulivyoiua ya zamani. Rejeta nayo itazamwe. Ziwa Victoria liko kiasi cha meta 1,134 juu ya bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwa digrii 96 hivi. Kifuniko cha rejeta huyabana maji yasichemke upesi. Kifuniko kibovu chaweza kuleta joto la kupinda kichwa cha injini.

Wengine hupenda kutia injini kubwa zaidi. Katika jamii moja ya dizeli za Toyota, injini ya 2L ina ujazo wa sentimita 2,446, ya 3L ina 2,779, na ya 5L ina 2,986. Nguvu huongezeka, lakini breki, springi na fremu hubaki zile zile. Gari lililopewa mbio bila kupewa breki ni hatari kwa dereva na kwa watoto waendao shule kando ya njia. Hali kadhalika, namba ya injini imeandikwa katika kitabu cha gari. Injini ikibadilishwa, badiliko liandikishwe serikalini.

Injini iliyotengenezwa upya isibebeshwe mzigo mzito mara moja. Katika kilomita 1,000 za kwanza iendeshwe kwa upole, mwendo ukibadilishwa-badilishwa, na oili ya kwanza imwagwe mapema, kwa maana hubeba vumbi la chuma.

Mwenye gari na aombe hesabu za vipimo zilizoandikwa kwenye karatasi kabla ya kutoa fedha, na aziweke. Usipoziba ufa, utajenga ukuta; lakini kwanza ufa wenyewe ujulikane uko wapi.