Maji Yapo, Lakini ya Kunywa ni Yapi?

Kijana msomaji, kabla hujaendelea fanya kazi moja ndogo. Chukua kalamu uhesabu ndoo za maji zinazoingia nyumbani kwenu kwa siku moja: za kuoga, za kufulia, za kudekia, za vyombo, za chooni, za kuku au ng'ombe kama mnafuga. Halafu pembeni andika maji ambayo yanaingia mdomoni tu, yaani ya kunywa, ya chai, ya uji na ya kupikia. Hifadhi hiyo karatasi. Tutaihitaji baadaye.

Wewe unayeishi Themi, Njiro, Kijenge, Ngarenaro au kokote chini ya Mlima Meru, bila shaka umewahi kusikia mtu akisema "watu wa Arusha mna meno ya kahawia". Labda umewahi kumwona mwenzako darasani anacheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Labda ni wewe mwenyewe, na siku ya kupiga picha ya darasa unafunga midomo kama umekasirika. Wengine wakienda mikoa mingine kusoma wanaambiwa hawapigi mswaki. Hapo ndipo kijana anapoanza kusugua meno kwa mchanga, majivu au mkaa, akidhani ni uchafu.

Si uchafu, na haiambukizi. Ni alama ya maji aliyokunywa akiwa mtoto mdogo.

Madini yenyewe yanatoka wapi?

Mlima Meru ni volkano. Miamba na majivu yake yana madini ya floraidi kwa wingi. Mvua inaponyesha juu ya mlima, maji hupenya ardhini na kukaa muda mrefu yakigusana na miamba hiyo, yakibeba floraidi kidogo kidogo. Kama umefika kwenye mada ya maji laini na maji magumu katika Kemia, utaelewa sehemu ya pili kwa urahisi. Maji yenye kalsiamu nyingi huikamata floraidi, ikaganda na kutuama. Maji ya huku kwetu yana magadi mengi na kalsiamu kidogo, kwa hiyo floraidi haina wa kuikamata. Inabaki imeyeyuka humo humo, na unaimeza.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Ni kiasi kidogo mno: katika lita 1,000, yaani simtanki zima, ni gramu 1.5, kama robo ya kijiko cha chai cha chumvi. Kwenye mito na chemchemi kadhaa za upande wa Ngarenanyuki imepimwa zaidi ya miligramu 10 kwa lita. Kwenye maziwa ya Momella ni mamia. Ukiyatazama maji hayo kwenye glasi yanaweza kuwa meupe kabisa. Floraidi haionekani, haina harufu, na kwa viwango vya bombani au kisimani huwezi kuitegemea ladha ikwambie.

Watu wameongezeka, chemchemi ni zile zile

Sasa tuje kwenye kiini cha mambo. Mji wa Arusha ulianza kwa kutegemea chemchemi za chini ya mlima na mito kama Themi na Naura. Kwa mji mdogo ilitosha. Lakini sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 617,631. Hilo ni ongezeko la watu zaidi ya 200,000 ndani ya miaka kumi. Ongeza hoteli za watalii, viwanda vya Themi, vyuo, hospitali na nyumba mpya zenye vyoo vya kuvuta maji. Kila mmoja anataka bomba lake. Chemchemi nayo haijui kwamba watu wameongezeka. Inatoa kile mlima ulichokusanya, na msitu wa juu ukikatwa inatoa pungufu.

Mji wowote ukifika hapo una njia moja ya haraka, nayo ni kuchimba visima virefu. Arusha ilifanya hivyo. Shida ni kwamba hapa kwetu ukichimba unaweza kupata maji mengi yenye floraidi zaidi kuliko ya chemchemi, kwa sababu yamekaa na mwamba kwa muda mrefu. Basi mamlaka inabaki na uchaguzi mgumu: ifunge kisima chenye floraidi, watu wakae na ndoo tupu foleni, au ikifungue watu wapate maji ya kuoga na kufua, na yale yale wayanywe?

Usidhani huu ni ubishi wa kinadharia. Mwaka 1974 Serikali yetu iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita. Haikuwa kwa kutojua. Ilikuwa wakati ambao taifa lilikuwa limejipangia kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji karibu na nyumba, na kama kiwango kingekuwa kidogo, vyanzo vingi vya mikoa yenye floraidi vingefungwa na watu wangerudi kwenye madimbwi. Kipindupindu na kuhara huua mtoto kwa siku chache. Floraidi huchukua miaka. Baadaye kiwango hicho kikashushwa hadi miligramu 4, na katika miaka ya karibuni kikaletwa kwenye 1.5. Kwa maoni yangu uamuzi wa 1974 ulieleweka kwa wakati ule, ila waliolipa gharama yake ni watoto, ambao hawakuulizwa.

Hatua kubwa zimechukuliwa tangu hapo. Mwaka 2015 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo kwa mradi mkubwa wa maji wa Jiji la Arusha, unaojulikana kama mradi wa shilingi bilioni 520. Lengo lake lilikuwa kupandisha uzalishaji kutoka lita milioni 40 kwa siku hadi lita milioni 200. Visima vipya vilichimbwa, vingine nje kabisa ya jiji, na matangi na mabomba mapya yakajengwa. Ni jambo la kujivunia. Lakini angalia takwimu hizo zinahesabu nini: zinahesabu lita. Mtoto wa miaka mitatu anayekunywa uji hahitaji lita milioni 200. Anahitaji lita moja au mbili, ila ziwe safi kwelikweli.

Floraidi inafanya nini mwilini?

Kidogo ni rafiki. Ndiyo maana imo kwenye dawa nyingi za meno, inasaidia meno yasioze. Ikizidi wakati meno ya ukubwani yanatengenezwa ndani ya ufizi, yaani tangu mtoto anapozaliwa hadi kama miaka minane, gamba la nje la jino haliwi gumu sawasawa. Jino linaota likiwa na mistari myeupe kama chaki. Baadaye linageuka kahawia, na likiwa limeathirika sana linakuwa na vishimo na kumeguka. Wewe wa kidato cha tatu ambaye meno yako yameshaota, hayawezi tena kupata madoa hayo kwa maji ya leo. Mdogo wako anayetambaa nyumbani anaweza.

Halafu kuna mifupa. Mtu akinywa maji yenye floraidi nyingi sana kwa miaka, mifupa na viungo hukakamaa, mgongo na magoti yanauma, na watoto wengine hupinda miguu. Mambo haya yameonekana hapa hapa Arumeru, vijiji vya Maji ya Chai na Ngarenanyuki. (Matege yana sababu nyingine pia, kwa hiyo mtoto mwenye miguu iliyopinda apelekwe hospitali, asihukumiwe kwa macho.)

Vipi kuhusu kuchemsha?

Swali hili tunaulizwa kila shule tunayokwenda. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na ni lazima uendelee kuchemsha. Floraidi haifi, maana haina uhai. Tena maji yakichemka sana na kupungua sufuriani, floraidi inabaki pale pale ndani ya maji machache, kwa hiyo kila kikombe kinakuwa nayo zaidi. Dawa ya klorini nayo ni hivyo hivyo, inaua vijidudu na kuiacha floraidi ilivyo.

Kuna kitu kingine jikoni ambacho wengi hawakifikirii: magadi. Ukitaka makande au maharage yaive upesi, unatupia kipande cha magadi, si ndiyo? Magadi yana floraidi, mengine nyingi sana, na watafiti wameyataja kama sababu mojawapo ya meno kuharibika hata kwenye sehemu ambazo maji yake ni mazuri. Jaribu kuloweka maharage na mahindi tangu usiku uliotangulia. Mkaa utaokoa vile vile. Bibi akisema mboga haina ladha bila magadi, usibishane naye. Mwombe tu chakula cha watoto wadogo kipakuliwe kabla hayajawekwa.

Sasa rudi kwenye karatasi yako

Umepata ngapi? Familia ya watu sita inaweza kutumia ndoo kumi au zaidi kwa siku. Ya mdomoni, tukisema lita 5 kwa kila mtu pamoja na kupika, ni lita 30: ndoo moja na nusu. Ndoo nyingine zote, floraidi haina neno nazo. Kuoga haidhuru, kufua haidhuru, kudeki haidhuru.

Fanya hesabu hiyo kwa jiji zima. Watu 617,631 mara lita 5 ni kama lita milioni 3. Linganisha na zile milioni 200. Kwa hiyo upungufu unaotuumiza meno ni mdogo kuliko tunavyodhani, tatizo ni kwamba tunayachanganya maji yote kwenye dumu moja. Nyumba inayotenga ndoo yake ya kunywa imeshapunguza tatizo, hata kama bomba ni lile lile.

Ndoo hiyo utaijaza na nini? Kwanza mvua. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Kama bati lenu ni safi, acha mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, kisha kinga kwenye pipa au simtanki lenye mfuniko, yachemshe ndipo unywe. Masika ya Machi hadi Mei na vuli za mwisho wa mwaka hazitoshi kuogea familia mwaka mzima, ila kwa kunywa tu tangi hudumu muda mrefu.

Pili, chujio la mkaa wa mifupa. Kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji cha Ngurdoto, karibu na Usa River, kimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, inasagwa, inajazwa kwenye ndoo, na maji yakipita humo floraidi inanaswa. Mifupa isipochomwa vizuri maji yananuka. Ikichomwa kupita kiasi haifanyi kazi. Kwa hiyo usijaribu na mifupa ya bucha na jiko la mkaa nyumbani. Na Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela hapa Arusha alishinda mwaka 2015 tuzo ya ubunifu wa kihandisi kwa Afrika, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa chujio lake linaloweza kulengwa uchafu wa mahali husika, floraidi ikiwemo. Machujio yote hushiba. Ukiyapitisha maji ya kufulia humo, litachoka mapema, na litaendelea kutoa maji mazuri kwa macho huku floraidi ikipita.

Mtoto mchanga asipewe maji miezi sita ya mwanzo, anyonye tu. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama anakunywa maji yenye nyingi. Mtoto anayejifunza kupiga mswaki awekewe dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele, na afundishwe kutema.

Na wewe mwenye madoa tayari, weka mchanga pembeni. Unakwangua gamba ambalo tayari ni dhaifu. Piga mswaki kama kawaida, na ukipata nafasi muone daktari wa meno. Zipo njia za kung'arisha au kufunika jino, ingawa zina gharama.

Hesabu ya kufanya darasani

Maji ya kisima cha mtaani yana miligramu 6 za floraidi kwa lita, na maji ya mvua tuseme yana sifuri. Uchanganye ndoo ngapi za mvua kwa kila ndoo ya kisima ili ufikie miligramu 1.5? (Jibu: ndoo 3 za mvua kwa ndoo 1 ya kisima.) Ukishapata jibu, mwombe mwalimu wa Kemia muandike barua kwa mamlaka ya maji au maabara ya ubora wa maji ya Wizara, muulize kisima au bomba la shule yenu lina miligramu ngapi. Bila namba hiyo hesabu yako ni ya kubahatisha. Wakijibu, iandikeni ubaoni karibu na bomba, mahali ambapo hata wa kidato cha kwanza ataiona.