SOMO LA ROBO HII: Unapougua ndani ya treni, na bado safari ni ndefu



Kila mwaka parokia zetu hutuma watu safari za mbali: vijana wanaokwenda kambini, kwaya, wajumbe wa mikutano, mahujaji. Tunapanga nauli, tunapanga chakula, tunapanga sare. Ni mara chache tunapanga jambo hili: mmoja akiugua njiani, tutafanya nini? Somo hili linatokana na yaliyonipata mimi mwenyewe. Someni pamoja kwenye kamati, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni.

Usiku mmoja kutoka Kigoma

Mwaka 2003, mimi na rafiki yangu tulifunga mabegi ya mgongoni tukaenda kutembea mkoa wa Kigoma. Tulikuwa wasichana wa miaka ishirini na kitu, fedha kidogo, nguvu nyingi. Tulitembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji kando ya Ziwa Tanganyika. Maji ya ziwa lile ni maangavu mno, unaona mawe chini kabisa. Kwa kuwa yalikuwa maangavu, tuliyanywa bila kuchemsha. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza.

Siku ya kurudi tulipanda treni ya Reli ya Kati jioni, daraja la pili, chumba cha wanawake chenye vitanda sita. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,200, na wakati ule ilikuwa safari ya karibu siku mbili. Hatujafika mbali tumbo likaanza kunikata. Kabla ya Uvinza nilikuwa nimekwenda chooni mara nne.

Hapo nikafanya kosa la pili. Niliona aibu. Choo kiko mwisho wa behewa, njia imejaa watu na mizigo, na treni ikisimama stesheni choo hakitumiki. Nikajiambia: nisinywe kitu, ili nisiende tena. Rafiki yangu naye akanishauri ninyamaze, watu wasije wakatukimbia.

Uvinza ni mahali pa chumvi tangu zamani. Mama mmoja wa chumbani kwetu alinunua mfuko wa chumvi dirishani. Treni ilipoondoka akanitazama, akauliza:

"Mwanangu, tangu jioni unashuka na kupanda. Unakunywa nini?"

"Sinywi kitu, mama. Nikinywa nitarudi tena chooni."

"Basi utarudi. Afadhali urudi ukiwa na maji mwilini kuliko ulale hapa ukiwa mkavu."

Akaomba sukari kwa abiria mwingine, akachukua chupa ya maji ya lita moja, akapima kwa kijiko cha chai. Alinikesha usiku kucha. Kila nilipotoka chooni alinipa kikombe, nami ninywe kidogo kidogo. Nilipotapika alisubiri kama dakika kumi, kisha akaanza tena.

Kulipokucha tulikuwa tunakaribia Tabora. Nilikuwa na kizunguzungu, na tangu usiku wa manane sikuwa nimepata mkojo. Rafiki yangu alitaka tuendelee, maana tiketi zilikuwa za hadi Dar es Salaam na hatukuwa na nauli nyingine. Mama yule akamwambia kwa upole: "Binti yangu, tiketi itanunuliwa tena. Mbele yetu kuna mchana na usiku, na stesheni nyingi huko hazina daktari. Shukeni hapa." Tukashuka.

Kwenye zahanati niliwekewa dripu. Mganga alisema maji ya chumvi na sukari ndiyo yaliyonifikisha. Katekista wa parokia ya jirani alitupa chumba kwa siku tatu, na mke wake alinipikia uji. Nauli tuliipoteza. Mama yule aliendelea na safari, na sikupata kumwona tena.

Kwa nini maji yale yanafanya kazi

Anayeharisha hafi kwa sababu ya kuhara kwenyewe. Anakufa kwa sababu maji na chumvi vinamtoka mwilini kuliko vinavyoingia. Sukari kidogo inausaidia utumbo kuipokea chumvi, na chumvi inavuta maji. Ndiyo sababu vitatu hivi huenda pamoja, na kwa kipimo.

Jambo hili lilionekana wazi mwaka 1971, wakimbizi wengi walipoingia India kutoka nchi ambayo sasa ni Bangladesh. Kipindupindu kilizuka na dripu hazikutosha. Huko Bangaon, Dk. Dilip Mahalanabis aliamua kuwapa wagonjwa mchanganyiko wa kunywa, na ndugu zao wakafundishwa kuwanywesha. Vifo vilipungua kutoka karibu wagonjwa 30 kati ya 100 hadi chini ya 4 kati ya 100. Walionywesha wengi wao hawakuwa waganga. Walikuwa watu kama mama yule wa Uvinza.

Namna ya kutengeneza

Pakiti ya ORS ndiyo bora. Fuata kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake. Kama huna pakiti:

- Maji safi lita 1
- Sukari vijiko vidogo 6, vilivyosawazishwa juu
- Chumvi nusu kijiko kidogo, isizidi

Onja kwanza. Yasiwe na chumvi kuliko machozi. Mgonjwa anywe kidogo kidogo, na aongeze kikombe kila baada ya kuharisha. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Soda haifai mahali pake, kwa kuwa ina sukari nyingi mno na chumvi haitoshi. Uji mwembamba na supu yenye chumvi vinasaidia. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Dawa za kufunga tumbo zisitumike ovyo. Mtoto asipewe. Mtu mzima naye asizitumie kama ana homa au kuna damu kwenye choo.

Wakati wa kushuka

Usingoje mwisho wa safari ukiona mojawapo ya haya:

- Damu kwenye choo, au choo kama maji ya mchele
- Kutapika kila anachokunywa
- Kutopata mkojo kwa saa sita au zaidi
- Macho kuingia ndani, ngozi ikifinywa inachelewa kurudi
- Homa kali. Katika nchi zetu homa ipimwe malaria, hata kama tumbo nalo linauma
- Kuchanganyikiwa au kusinzia kupita kawaida

Mwambieni mhudumu wa behewa mapema, ili mjue stesheni ipi ina hospitali karibu.

Mambo ya kamati kupanga

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa chache tu. Hata hivyo safari ndefu bado zipo, kwa treni, basi na meli. Kabla kundi halijaondoka, kamati ihakikishe:

1. Kila kundi lina pakiti za ORS, kijiko, chupa ya lita moja, sabuni, na maji ya kutosha yaliyochemshwa au kutibiwa kwa dawa ya maji.
2. Kuna mtu mmoja anayejulikana kwa wote, ambaye mgonjwa atamwambia bila aibu. Kwa wasichana awe mama au dada.
3. Kuna akiba ya fedha kwa ajili ya kushuka njiani. Ndugu wafadhili, mkiona fungu hili kwenye bajeti, msilione ni la ziada. Sisi tungekuwa nalo, tusingebishana pale Tabora.
4. Kuna namba ya simu ya parokia iliyo kwenye mji mkubwa wa njiani.

Maswali ya kujadili

1. Katika safari yetu ya mwisho, je, kuna aliyeugua akanyamaza? Ni nini kilimfanya anyamaze?
2. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kutengeneza maji ya chumvi na sukari sasa hivi, bila kusoma? Jaribuni hapa hapa mkutanoni.
3. Parokia yetu iko karibu na stesheni au kituo cha basi? Msafiri mgonjwa akishushwa usiku, atagonga mlango wa nani?

Swali la tatu lisiachwe bila jina la mtu. Liandikeni kwenye kumbukumbu za kikao, na mlibandike mlangoni mwa ofisi.